Kipimo cha Lango la Makerere

Historia ya mitihani ya kuingia chuo kikuu mjini Kampala ni historia ya maswali mawili ambayo mara nyingi yamechanganywa, yaani swali la nani mwenye mamlaka ya kupima vijana, na swali la iwapo kipimo kinachotumika kinapima kweli kile kinachodaiwa. Swali la kwanza limejibiwa mara nyingi, kwa tume, kwa mikataba na kwa sheria za Bunge, na kila jibu limeacha jina jipya juu ya cheti. Swali la pili, ambalo wataalamu wa upimaji huliita swali la uhalali, limejibiwa mara chache mno. Uhalali katika fani hiyo hauhusu sheria. Ni kadiri ambavyo ushahidi unaunga mkono maana inayopewa alama, na kwa mtihani wa kuingia chuo maana hiyo ni moja, kwamba aliyepata alama kubwa atayamudu masomo ya chuo kuliko aliyepata ndogo. Dai hilo laweza kuwa kweli au si kweli, na njia ya kulithibitisha ni kuwafuata wanafunzi hadi mwisho wa safari yao na kulinganisha walivyoingia na walivyotoka.

Shule ya ufundi ilipofunguliwa juu ya kilima cha Makerere mwaka 1922, wanafunzi wake walikuwa 14, na mafunzo yao yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Lango lilikuwa jembamba kwa sababu shule zilizoweza kutoa waombaji zilikuwa chache, nyingi zikiwa za misheni na zilizojengwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kama vile Namilyango, Gayaza, Kisubi na Budo. Kadiri chuo kilivyopanuka na kupokea vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar, kikawa na mtihani wake chenyewe wa kuingilia, uliofanywa katika nchi zote hizo. Julius Nyerere, aliyetoka shule ya serikali ya Tabora, alianza masomo hapo mwaka 1943. Tume iliyoongozwa na Earl De La Warr ilikuwa imekwisha kupendekeza mwaka 1937 kwamba Makerere ipandishwe hadhi iwe chuo cha elimu ya juu cha Afrika Mashariki yote, na pendekezo hilo liliubadilisha mtihani kwa namna ambayo haikutajwa wazi wakati ule. Tangu hapo kipimo kilitakiwa kumlinganisha kijana wa Tabora na wa Budo kana kwamba walikuwa wamekaa darasa moja. Wanawake sita wa kwanza walikubaliwa mwaka 1945, miaka 23 baada ya chuo kufunguliwa, na kaulimbiu ya chuo, ambayo hadi wakati huo iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume kwelikweli, ikabidi ibadilishwe.

Mtihani wa chuo chenyewe haukudumu. Baraza la mitihani la Chuo Kikuu cha Cambridge, lililoundwa mwaka 1858 kwa ajili ya shule za Uingereza na kuanza kupeleka karatasi zake ng'ambo mwaka 1863 katika kisiwa cha Trinidad, lilikuwa limeeneza cheti chake cha shule katika makoloni mengi, na shule bora za Uganda zilikipokea kwa hamu. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, kwa mujibu wa mpango uliotokana na tume ya Asquith, na wanafunzi 13 wa kwanza walipata shahada za sanaa za London mwaka 1953. Kuanzia hapo lango la kuingilia lilishikwa na Cambridge na lango la kutokea likashikwa na London, huku walimu wa Kampala wakifundisha katikati. Mpango huo ulikuwa na faida ambayo haifai kudharauliwa, kwa kuwa shahada ya Makerere haikuweza kuitwa shahada ya daraja la pili na yeyote aliyeheshimu ile ya London, na kwa Mwafrika wa miaka ya 1950 hilo lilikuwa jambo zito. Hasara yake ilikuwa kwamba usawa wa kiwango ulichukuliwa kuwa uthibitisho wa uhalali. Karatasi iliyopima vizuri matayarisho ya mvulana wa Leeds kwa ajili ya chuo cha Uingereza ilidhaniwa kuwa inapima vizuri vilevile uwezo wa msichana wa Gayaza, ambaye alikuwa akifikiri na kuandika kwa lugha yake ya pili au ya tatu.

Kwa miaka kadhaa chuo kilipokea wanafunzi waliomaliza kidato cha nne na kuwapa kwanza masomo ya matayarisho kabla ya kuanza shahada. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, madarasa ya kidato cha tano na cha sita yalipoenea Afrika Mashariki, matayarisho hayo yalihamishiwa shuleni, na cheti cha juu cha shule kikawa ufunguo wa chuo. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko ulivyoonekana. Awali chuo chenyewe kilikuwa na muda wa kumtazama mwanafunzi akifanya kazi ya chuo kabla ya kuamua kama anaifaa. Baada ya hapo uamuzi wote ulikabidhiwa karatasi zilizofanywa kwa majuma machache shuleni, na makosa ya karatasi hizo hayakuwa tena na mahali pa kusahihishwa.

Ni katika Makerere hiyohiyo ya miaka ya 1960 ambapo swali la uhalali liliulizwa kwa mara ya kwanza kwa takwimu. Mtafiti Anthony Somerset, akifanya kazi na taasisi ya utafiti wa jamii ya chuo hicho, alichukua matokeo ya mtihani uliowachagua watoto wa Uganda kuingia sekondari, akayaweka kando ya matokeo yao ya cheti cha Cambridge miaka kadhaa baadaye, na kitabu chake kilichotokana na kazi hiyo kilichapishwa na East African Publishing House mwaka 1968. Alilotaka kulijua ni lile linaloitwa uhalali wa utabiri, yaani nguvu ya uhusiano kati ya alama ya kwanza na mafanikio ya baadaye. Alikuta uhusiano dhaifu, dhaifu kuliko walivyoamini walioutumia mtihani ule kufunga na kufungua milango ya maelfu ya watoto. Mtoto aliyeingia sekondari kwa alama za kawaida hakuwa na uhakika wa kubaki nyuma, wala aliyeingia akiongoza hakuwa na uhakika wa kuendelea kuongoza.

Matokeo ya namna hiyo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu ipo hila ya kitakwimu inayowapotosha wengi. Utafiti wa utabiri huwafuata waliochaguliwa tu; waliokataliwa hawana matokeo ya baadaye ya kulinganishwa. Waliochaguliwa wote wana alama zinazokaribiana, na kadiri alama zinavyobanana ndivyo uhusiano wake na jambo lolote lingine unavyoonekana kupungua, hata kama mtihani si mbaya. Mpimaji mwaminifu hana budi kulizingatia hilo kabla ya kuulaumu mtihani. Hata hivyo kuna upande wa pili wa hoja hiyo ambao watetezi wa mitihani huupuuza. Ikiwa miongoni mwa waliokaribiana alama hazitabiri lolote la maana, basi katika eneo la mpaka, ambako nusu pointi humpa mmoja nafasi na kumnyima mwenzake, uamuzi hauna tofauti kubwa na bahati nasibu, na huko mpakani ndiko walikokusanyika waombaji wengi.

Kazi ya Somerset ilizaa matunda zaidi nje ya Uganda. Katika miaka ya 1970 alikuwa Kenya, ambako mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulirekebishwa ili maswali ya kukumbuka ukweli mmojammoja yapungue na yale ya kufikiri, hasa yanayotokana na maisha ya watoto wa vijijini, yaongezeke; shule nazo zikawa zinapelekewa taarifa za maswali yaliyowashinda wanafunzi wengi na sababu zake. Njia iliyotumika kuchuja maswali huitwa uchambuzi wa vipengele, na msingi wake ni vipimo viwili. Cha kwanza ni ugumu, yaani sehemu ya watahiniwa waliolipata swali. Cha pili ni nguvu ya kutofautisha, yaani kadiri ambavyo waliofanya vizuri katika mtihani mzima walilipata swali hilo kuliko waliofanya vibaya. Swali ambalo wanafunzi hodari hulikosa na dhaifu hulipata lina kasoro, ama katika maneno yake ama katika jibu lililoandikwa kuwa sahihi, na linapaswa kuondolewa hata kama mtunzi wake ni profesa.

Kampala pia ilitoa onyo la aina nyingine. Mwanasaikolojia Mallory Wober, aliyefundisha Makerere, alichunguza namna Waganda wanavyoielewa akili, na katika makala yake ya mwaka 1974 alionyesha kwamba watu wa vijijini walielekea kuihusisha akili na utaratibu wa kutulia na kupima mambo, ilhali wale waliokwenda shule zaidi hawakuiona hivyo kwa kiasi kilekile. Mtihani wenye maswali mengi na saa chache huchukulia kwamba wepesi ni dalili ya akili. Kwa kijana aliyelelewa kuamini kwamba mwenye busara hafanyi haraka, saa ukutani inapima malezi pamoja na maarifa, na alama inayotoka haisemi ni kiasi gani cha kila kimoja.

Wakati tafiti hizo zikiandikwa, mamlaka ya mtihani yalikuwa yakibadilika haraka. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa Juni 1963 kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na uhusiano na London ukakoma. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki likaundwa mwaka 1967, makao yake yakiwa Kampala, likapokea kazi ya Cambridge hatua kwa hatua. Lakini umoja wenyewe ulianza kumeguka kabla kazi haijakamilika. Mwaka 1970 kila nchi ilibaki na chuo kikuu chake. Tanzania ilijitoa katika baraza mwaka 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Kenya ikaunda baraza lake mwaka 1980. Uganda iliachwa na watumishi, maghala ya karatasi na uzoefu, katika nchi iliyokuwa imetoka katika utawala wa Idi Amin na vita vya kuuondoa, na sheria ya mwaka 1983 ikaanzisha Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, linalojulikana kwa ufupisho wa UNEB. Kwamba mitihani iliendelea kufanywa na kusahihishwa katika miaka hiyo ni sifa kubwa kwa walimu na maofisa waliobaki, na historia haijawatendea haki.

Cheti cha juu kinachotolewa na baraza hilo, UACE, kilirithi muundo wa Cambridge karibu mzima. Kila karatasi ya somo hupewa daraja kuanzia 1, lililo bora, hadi 9, kisha madaraja ya karatasi huunganishwa kwa kanuni ili kupata herufi moja ya somo. Herufi A hadi E ni ufaulu mkuu, na zina thamani ya pointi 6 hadi 2. O ni ufaulu mdogo wenye pointi 1. F haina kitu. Kanuni ya kuunganisha humzuia mwanafunzi kufidia karatasi dhaifu kwa karatasi nzuri kupita kiasi fulani, na hivyo wanafunzi wawili wenye jumla ya alama zinazotofautiana sana wanaweza kupata herufi ileile, na wawili waliokaribiana wakapata herufi tofauti. Kila hatua ya kugeuza alama kuwa daraja, na daraja kuwa herufi, na herufi kuwa pointi, hupoteza sehemu ya habari iliyokuwamo katika karatasi. Kuanzia mtihani wa mwaka 2013 masomo makuu yalipunguzwa kutoka manne hadi matatu, yakiongezewa karatasi ya maarifa ya jumla, ambayo wanafunzi huiita GP, na somo dogo la hisabati au la kompyuta; upeo wa pointi ukashuka kutoka 25 hadi 20.

Juu ya pointi hizo vyuo vikuu vya umma vilijenga mfumo wa uzito, na hapo ndipo dai la uhalali lilipoandikwa kwa tarakimu, ingawa ni wachache waliolisoma hivyo. Pointi za masomo mawili yaliyo ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, za somo linalohusiana nayo kwa 2, za somo linalopendelewa kwa 1, na za mengineyo kwa nusu. Matokeo ya kidato cha nne nayo yalihesabiwa, 0.3 kwa kila somo la daraja la juu kabisa, 0.2 kwa daraja la kati na 0.1 kwa ufaulu wa kawaida. Tarakimu hizi si za utawala tu, kwa kuwa kila moja ni dai kuhusu utabiri. Mwanafunzi aliyepata daraja la juu kabisa katika masomo 10 ya kidato cha nne anapata jumla ya pointi 3, na hizo ndizo zinazopotea kwa kushuka kutoka A hadi B katika somo moja la lazima la kidato cha sita. Mfumo kwa hiyo unasema kwamba miaka minne ya kazi katika masomo 10 inatabiri mafanikio ya chuo sawasawa na hatua moja ya herufi katika somo moja. Huenda ni kweli, lakini dai la uzito huo lingepaswa kuwa limesimama juu ya ushahidi unaojulikana na kila mzazi.

Mfano unaojulikana zaidi ni pointi 1.5 ambazo Makerere iliamua mwaka 1990 kumwongezea kila mwombaji wa kike. Wakati huo wanawake walikuwa takriban robo ya wanafunzi, na katika miaka iliyofuata sehemu yao ilipanda kwa kasi. Mabishano hayajawahi kuisha. Wapinzani walisema kipimo kimechafuliwa; wengine, kwa hoja nzito zaidi, walionyesha kwamba wasichana waliofaidika walikuwa hasa wa familia zenye uwezo, waliosoma katika shule zilezile za zamani, na kwamba sayansi na uhandisi vilibaki vya wavulana, jambo ambalo mpango wa ufadhili wa wasichana ulioungwa mkono na Carnegie Corporation kuanzia mwaka 2001 ulijaribu kulipunguza. Lakini hoja ya kuchafuliwa kwa kipimo haisimami yenyewe. Pointi 1.5 ni nusu ya hatua moja ya herufi katika somo la lazima. Ikiwa msichana aliyepata B alifanya hivyo huku akibeba kazi za nyumbani na kukosa siku za shule ambazo kaka yake hakuzikosa, basi herufi yake inauonyesha uwezo wake kuwa mdogo kuliko ulivyo, na nyongeza inaweza kuwa sahihisho la kosa la kipimo. Katika lugha ya upimaji hali hiyo huitwa upendeleo wa utabiri, pale alama ileile inapokuwa na maana tofauti kwa makundi mawili, na dawa yake hupatikana kwa kulinganisha matokeo ya shahada ya walioingia kwa nyongeza na ya walioingia bila nyongeza. Mjadala mrefu wa magazetini ungeweza kufupishwa sana na jedwali moja la namna hiyo likichapishwa kila mwaka.

Katika muongo wa 2010 kitivo cha sheria cha Makerere kilirudia, bila kulisema, desturi ya miaka ya 1940, kikaanzisha mtihani wake chenyewe wa kuingilia, kwa hoja kwamba cheti cha kidato cha sita peke yake hakikutosha kuonyesha nani anayeweza kusoma maandishi magumu na kujenga hoja. Waombaji wengi wenye vyeti vizuri hushindwa mtihani huo kila mwaka. Kituo cha mafunzo ya uanasheria, LDC, ambacho nacho kilikuwa na mtihani kama huo kwa waliokwisha kupata shahada, kililazimika kuufuta baada ya malalamiko ya muda mrefu. Upo pia mtihani wa wale waliofikisha miaka 25 bila vyeti vinavyotakiwa, wenye karatasi ya uwezo wa jumla na nyingine ya fani inayoombwa. Huu ni mlango wa heshima, kwani unakiri kwamba mtu anaweza kujifunza nje ya shule. Mitihani yote hii ina udhaifu wa pamoja. Karatasi hutungwa upya kila mara na watu wachache, na pasipo maswali ya pamoja yanayounganisha karatasi ya mwaka huu na ya mwaka jana, alama 50 za miaka miwili tofauti haziwezi kuthibitishwa kuwa sawa. Kazi ya kuziunganisha huitwa usawazishaji, na ina gharama ya utaalamu na usiri ambayo kitivo kimoja hakiwezi kuibeba peke yake.

Serikali, kwa upande wake, imeshughulikia zaidi ulinzi wa karatasi. Sheria mpya ya UNEB ya mwaka 2021 iliongeza adhabu kwa wanaovujisha mitihani, na hilo lilihitajika, kwa kuwa karatasi iliyoonwa kabla haina uhalali wowote. Mabadiliko makubwa zaidi yametoka kwenye mtaala. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, unaosisitiza umahiri, yaani uwezo wa kutumia maarifa katika jambo halisi, ulianza mwaka 2020. Kundi lake la kwanza lilifanya mtihani wa taifa mwaka 2024, likapewa herufi A hadi E, huku kazi za darasani zikichukua asilimia 20 ya alama na mtihani wa mwisho asilimia 80. Madaraja ya zamani yaliyobebeshwa 0.3, 0.2 na 0.1 hayapo tena kwenye cheti hicho. Alama za darasani nazo zimeleta swali jipya la uthabiti, yaani iwapo walimu wawili wakiitazama kazi moja, mmoja akiwa Kololo na mwingine Karamoja, wataipa alama ileile.

Kundi hilo lilianza kidato cha tano mwaka 2025, katika mtaala uliorekebishwa ili uendane na ule wa chini, na UACE yake ni ya mwisho wa mwaka 2026, ili lifike kwenye lango la Makerere mwaka 2027. Kabla ya hapo kanuni ya uzito haina budi kuandikwa upya, angalau katika sehemu ya kidato cha nne. Wanaoiandika wanaweza kuchagua tarakimu mpya mezani, kama zilivyochaguliwa zile za zamani, au wanaweza kuchukua rekodi za miaka ambayo alama za kuingilia na madaraja ya shahada ya wanafunzi walewale yanajulikana, wakaona kwanza ni tarakimu zipi za zamani zilizosema kweli, kwa wavulana na kwa wasichana, kwa waliotoka shule za Kampala na kwa waliotoka wilaya za mbali.